Usitupe Boksi Bado

Wewe uliye jikoni, wewe uliye kwenye foleni ya magari, na wewe uliyejilaza chali redio ikiwa kifuani, nyote nawasalimu. Leo naongea nanyi kutoka Umbilo, mtaa wa mtelemko hapa Durban, Afrika Kusini, juu kidogo ya bandari. Usiku meli zikipiga honi tunazisikia hadi chumbani. Na asubuhi kama hii hupita ndege mmoja mkubwa wa kijivu, huku wanamwita hadeda, analia kama bawaba iliyokosa mafuta tangu uhuru. Akinikatiza maneno mnisamehe. Huyo habembelezwi.

Leo sina siasa, wala sina bei ya mafuta. Nina gita. Gita la umeme, jipya, limefika juzijuzi, limelazwa kitandani kama mgonjwa, na mwenye gita amesimama mlangoni anajiuliza: nibaki nalo, au nilirudishe?

Mwenye gita huyo ni mimi.

Ngoja kwanza, usihamishe stesheni. Najua wengine mnasema, sisi na magita wapi na wapi. Lakini nikuulize: hujawahi kununua kitu, ukakibeba hadi nyumbani kwa furaha, ukakifungua, halafu moyo ukapoa? Cherehani? Simu? Viatu vya sikukuu vilivyokuwa vizuri dukani, vikafika kwako vikaota meno? Kama umewahi, basi haya mazungumzo ni yako pia. Weka gita langu mahali pa kile kitu chako, twende pamoja.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Na Morogoro, kwa watu wa rika la baba yangu, ni mji wa Mbaraka Mwinshehe. Wenye umri mnakumbuka. Mbaraka wa Morogoro Jazz, bendi iliyokwenda hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya mwaka 1970. Mwaka 1973 akatoka akaanzisha Super Volcano, na Januari 1979 ajali ya gari ikamchukua kule Mombasa, angali kijana. Baba yangu hakuwa mwanamuziki. Lakini alipokuwa ananyoa ndevu alikuwa anaimba gita. Nasema gita, si maneno. Maneno aliyaacha kabisa, akaimba zile nyuzi tu kwa ulimi: ting'iri-ting'i, ting'iri-ting'i, mpaka wembe unamaliza kidevu. Mimi mtoto nimesimama pembeni na taulo. Kiu ya gita niliipata hapo, kwenye povu la sabuni.

Sasa mbona sikununua gita zamani? Jibu lina historia kidogo. Kwetu, enzi za dansi, gita halikuwa la mtu. Lilikuwa moja ya vyombo, na vyombo ni vya bendi. Na bendi ni ya nani? Ya chama, ya jeshi, ya polisi, ya shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ndiyo hiyo baadaye ikaitwa JUWATA, kisha OTTU, na leo mnaijua kama Msondo Ngoma. Mpigaji mashuhuri, ambaye solo lake linajulikana nchi nzima, akigombana na uongozi anatoka mlangoni na shati lake tu. Gita linabaki ukumbini. Hakuna aliyekaa akajiuliza kama gita linamfaa au halimfai. Lilikuwapo hilo hilo, na zamu yake ikifika analishika. Kwa hiyo hili swali langu la nibaki nalo au nilirudishe, kwa wale wazee lingekuwa swali la kitajiri. Nakiri.

Basi, nimefika miaka 41, nina kazi, nina watoto wawili, nina jirani mvumilivu. Usiku mmoja, watu wamelala, nikiwa na simu mkononi, nikabonyeza. Mnaijua ile saa sita ya usiku inavyorahisisha mambo? Bei ambayo mchana ingekutoa jasho, usiku inaonekana kama nauli ya basi. Nikabonyeza, nikalipa, nikalala usingizi mzuri sana.

Jumanne boksi likafika, refu kama mwanangu wa pili, limeteremka na lori kutoka Johannesburg. Likatolewa gita jeusi, la lile umbo lililoletwa na Fender mwaka 1954 wakaliita Stratocaster, ambalo viwanda vingine vimelinakili mpaka leo. Lenye pembe mbili juu kama mbuzi anayetaka ugomvi. Na amplifaya ndogo, ukubwa wa ndoo ya lita kumi. Nikachomeka.

Ndugu msikilizaji, kilichotoka kwanza hakikuwa muziki. Kilikuwa mngurumo. Mmmmmmm. Kama friji la zamani. Nikagusa nyuzi, mngurumo ukapungua. Nikaachia, ukarudi. Nikajaribu kukandamiza uzi mmoja. Uzi uko juu, vidole vinauma kama nimeshika meno ya msumeno, na sauti inatoka imekwaruza. Nikatazama mlangoni. Mama watoto amesimama, kitambaa cha vyombo begani. Akasema maneno manne tu: "Baba Neema, ndilo hilo?"

Akarudi jikoni. Mimi nikaanza kutafuta mkanda wa gundi nilifunge boksi.

Hapo ndipo nataka tutulie. Maana watu tunakosea pande zote mbili. Kuna anayerudisha kitu kizuri kwa sababu siku ya kwanza haikuwa nzuri. Na kuna anayebaki na kitu kibovu miaka kumi kwa sababu anaona haya kukirudisha. Atasema kimeshafika basi, nitakizoea. Nikipima mwenyewe, naona wa pili ni wengi zaidi kwetu. Haya yetu ina gharama kubwa. Umempa mtu fedha zako halali, halafu unaona aibu kumwambia kitu chake kina kasoro, kana kwamba aliyekosea ni wewe!

Ghorofa ya juu yangu anaishi mzee mmoja wa Lubumbashi. Tunamwita Papa, na anapiga gita kanisani tangu kabla sijahamia hapa. Huku Umbilo na Glenwood Wakongo ni wengi, na Kiswahili chao kina ladha yake. Alishuka kesho yake jioni, kwa sababu bila shaka alisikia ule mngurumo kupitia sakafuni. Hakuuliza gita liko wapi. Aliuliza: "Boksi ulishaitupa?"

Nikamwambia bado.

"Muzuri. Usiitupe bado. Na usiseme ile gita ni mubaya. Iache ilale kwanza."

Iache ilale. Nilidhani ni utani, kumbe ni ufundi. Gita ni mti, na mti hata ukishapakwa rangi bado unapumua. Johannesburg ni juu milimani, hewa kavu, ngozi inapasuka. Durban ni pwani, hewa nzito, chumvi hata haitoki kwenye kichupa chake. Gita lililokaa ghalani kule juu, likasafiri kwenye lori, likafunguliwa huku chini, shingo yake inasogea. Kidogo sana, lakini kidogo hicho ndicho kinachofanya uzi uwe juu au ukwaruze. Kwa hiyo kabla hujalihukumu, lipe siku moja au mbili ndani ya nyumba, mbali na dirisha la jua. Wa Tanga, wa Mombasa, wa Unguja, nyinyi pia mnaoletewa magita kutoka nchi za ubaridi, hili linawahusu.

Lakini usililaze mpaka siku zikaisha! Maana siku zinahesabiwa. Na hapa niseme kidogo habari za sheria, kwa lugha ya mtaani, kwa sababu watu wengi wanazichanganya.

Hapa Afrika Kusini iko sheria ya mwaka 2002 inayohusu biashara ya kielektroniki. Ukinunua kitu kwa njia ya mtandao, kwa bidhaa nyingi una siku saba tangu mzigo ukufikie. Ndani ya siku hizo unaweza kuurudisha bila kueleza sababu na bila faini. Utakacholipa wewe ni usafiri wa kuurudisha tu, na fedha zako zirudi ndani ya siku 30. Narudia: siku saba, tangu ukufikie, na umenunua kwa mtandao. Ukienda dukani kwa miguu yako, ukalipiga, ukalipa, halafu ukifika nyumbani moyo ukapoa tu, hapo sheria haimlazimishi mwenye duka kulipokea. Akilipokea ni wema wake, au ndio utaratibu wake. Muulize kabla hujatoa fedha.

Ya pili ni sheria ya kumlinda mlaji, ya mwaka 2008, iliyoanza kazi sawasawa mwaka 2011. Hii ni ya kasoro. Kitu kikiwa na kasoro ya kweli, uwe umekinunua mtandaoni au dukani, una miezi sita. Na wewe ndiye unayechagua, kitengenezwe, kibadilishwe, au urudishiwe fedha. Lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" halina nguvu mbele ya kasoro. Ila ukishaanza kukifungua na kukichokonoa mwenyewe kinyume cha maelekezo, unaweza kujipotezea hoja. Kwa hiyo bisibisi iweke kabatini.

Na kwa mtu binafsi, yule anayeuza gita lake kwa sababu anahama? Huku wana neno la Kiafrikana, voetstoots. Maana yake chukua kama lilivyo, miguu yako na macho yako ndiyo dhamana yako. Hapo kalipige kabla hujalipa, hata kama mwenyewe anakuambia ana haraka.

Basi sheria nimeimaliza. Tuingie kwenye gita lenyewe.

Papa alinipa hesabu moja ambayo naipenda sana. Alisema, gita likikusumbua, ubaya uko mahali pamoja kati ya panne: ama gita lenyewe, ama namna nyuzi zake zilivyofungwa, ama nyumba, ama vidole. Kazi yako kabla ya siku saba ni kujua ni wapi. Akalichukua gita langu, akalipiga bila hata kulichomeka, likaimba. Lile lile! Akanitazama kwa huruma. "Hapa njo vidole viko na shida," akasema. "Haiko gita."

Lakini hakuishia hapo, na mimi sikutaka aishie hapo, maana mpigaji mzuri hata ukimpa mkebe wenye nyuzi ataimbisha. Tukalipima. Ukitaka kulipima gita nyumbani, fanya hivi. Piga kila uzi, kwenye kila freti, yaani vile vyuma vyembamba vilivyolala kwenye shingo, moja baada ya moja, polepole, kuanzia juu kabisa hadi mwisho. Inachosha. Fanya hivyo hivyo. Unasikiliza kama kuna mahali sauti inakufa, tap! kama umepiga ubao. Mahali pamoja panapokufa wakati jirani zake wote wazima, huenda freti hiyo imeinuka. Hiyo yaweza kuwa kasoro ya kiwanda. Lakini nyuzi zote zikikwaruza kidogo kidogo kila mahali, hiyo mara nyingi si kasoro. Ni shingo na nyuzi hazijarekebishwa.

Kisha nenda freti ya 12. Hapo ndipo katikati ya uzi. Gusa uzi juu ya chuma hicho bila kuukandamiza, upige, usikie ile sauti nyembamba kama kengele. Halafu ukandamize hapo hapo, upige. Sauti hizo mbili zinatakiwa ziwe sawa. Zikitofautiana, gita litakuwa linaimba vizuri karibu na kichwa na kupotoka ukishuka chini. Je, ni sababu ya kulirudisha? Hapana. Kuna skrubu chini ya kila uzi, fundi anazisogeza kwa dakika chache. Mwisho pitisha kiganja pembeni mwa shingo, juu na chini. Kikikwaruzwa, ncha za freti zimetokeza. Langu halikukwaruza.

Hivi mnaona tulikofika? Tulianza na gita bovu. Sasa tuna gita zima lenye nyuzi zilizo juu, na mtu mwenye vidole laini. Lakini ule mngurumo je? Ule ulinitia wasiwasi kuliko vyote.

Ngoja nieleze mngurumo unatoka wapi. Gita la umeme lina masikio yake, wanayaita pikapu. Si ile ya kubebea mahindi. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo unazaliwa, unakwenda kwenye amplifaya. Sasa sikio hilo halichagui. Linasikia uzi, na linasikia pia umeme wa nyumba nzima: taa za mirija, chaja ya simu, friji. Mafundi walihangaika nalo sana, mpaka mwaka 1955 Seth Lover, aliyekuwa katika kampuni ya Gibson, akaja na dawa: weka masikio mawili pamoja, yamegeuziana, mngurumo wa hili uue mngurumo wa lile. Gita langu ni la sikio moja moja. Kwa hiyo kunguruma kidogo ni tabia yake. Kunguruma kama friji, hiyo si tabia.

Ijumaa Papa akanichukua na gita langu hadi kanisani kwao, kwenye mazoezi ya kwaya. Ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki, akina mama wanazungumza Kiswahili cha Uvira kwa sauti kuliko spika. Nikachomeka kwenye amplifaya ileile yangu, nimeibeba begani.

Kimya.

Si kimya kabisa, lakini kile kimya ambacho unasikia pumzi ya spika tu. Nikapiga uzi, ukatoka safi. Mngurumo haukuwa wa gita. Ulikuwa wa nyumbani kwangu! Tuliporudi tukafuata waya. Plagi za huku zina miguu mitatu minene, na ule mguu mkubwa ni wa waya wa kwenda ardhini, mafundi umeme wanauita ethi. Mimi nilikuwa nimechomeka kwenye kebo ya kuunganisha niliyoikuta jikoni siku nilipohamia, na waya huo ndani yake ulikuwa umekatika. Juu yake pakiwa na taa ya mrija. Ungerudisha gita, ungeletewa jingine, lingenguruma vilevile. Na hili nalisema kwa mkazo, msikilizaji, kwa sababu ni la usalama: nyuzi za gita la umeme zimeunganishwa na huo waya wa ardhini. Ukigusa nyuzi ukasikia shoti, hata ya kutekenya, zima ukutani, chomoa, usiguse tena mpaka fundi umeme aje. Kebo ile nimeitupa. Boksi bado.

Jumamosi nikalipeleka kwa fundi wa magita, mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa Durban. Nikamwambia mapema: tazama tu, usifungue kitu, sijaamua. Hakukasirika. Alilishika kama mtu anavyoshika bunduki, jicho moja limefumba, akaitazama shingo kwa urefu. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma, akaniambia, nayo inataka kuzungushwa robo tu kwa ufunguo wa alenki. Nyuzi zishushwe. Baada ya hapo litakuwa kama siagi.

Ukuta wake umejaa magita ya watu. Kona moja kuna la zamani la mbao, tumbo limepasuka. Nikakumbuka habari moja ninayopenda kuisimulia. Kampuni ya Gallo ya hapa Afrika Kusini iliwahi kuuza magita ya bei nafuu yaliyoitwa Gallotone, na lebo ya ndani iliahidi kwamba gita halitapasuka. Moja lilifika Uingereza kwa kijana wa Liverpool aliyeitwa John Lennon, kwa njia ya posta, kama langu lilivyokuja kwa njia ya simu. Likapelekwa nyumbani kwa mama yake, kwa sababu shangazi aliyemlea asingefurahi. Mwaka 1999 gita hilo likauzwa kwenye mnada wa Sotheby's. Na kampuni hiyohiyo ndiyo iliyotoa sahani za Mwenda Jean Bosco, yule bingwa wa Katanga kule Kongo aliyeimba kwa Kiswahili, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, sasa Likasi, mwaka 1952. Bosco alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, na ukisikiliza utaapa wako wawili. Papa akimtaja huyo anavua kofia. Nami najiuliza, hivi kuna mtu Katanga nzima aliyelirudisha gita kwa sababu nyuzi ziko juu? Hapa Durban vilevile, vijana wa Kizulu walikuwa wanapiga muziki wao wa maskandi huku wanatembea barabarani, maili na maili, na gita la bei rahisi. Baadaye John Bhengu, wakimwita Phuzushukela, akaupeleka maskandi kwenye gita la umeme.

Lakini tusijidanganye na hadithi hizo. Ni rahisi kumsifu aliyevumilia gita bovu. Wao hawakuwa na siku saba. Mimi ninazo, na gita likiwa na kasoro ningelirudisha bila kusita, Bosco au si Bosco.

Sasa kasoro sikuipata. Limebaki swali ambalo fundi hawezi kulijibu, wala sheria: nalitaka kweli, au nilitaka kununua tu? Maana hayo ni mawili, jamani. Kuna raha ya kusubiri mzigo, raha ya kukata gundi, raha ya harufu ya kitu kipya. Raha hizo huisha siku ya pili. Baada ya hapo kinabaki kitu chenyewe, kinakutazama.

Usiku huo wa Jumamosi umeme ukakatika. Si mgao, ni hitilafu ya mtaa wetu. Taa za bandarini zilikuwa zinawaka kule chini, sisi giza. Watoto wakalala. Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda, gita mapajani. Gita la umeme bila umeme ni kitu cha kusikitisha, msikilizaji. Sauti yake ni ya mbu ndani ya chupa. Lazima uinamishe sikio hadi liguse pembe ya mbao ndio usikie.

Nikaanza kumtafuta baba. Ting'iri-ting'i. Nyuzi mbili tu, ule mwembamba na wa pili yake. Kidole cha pete kinakataa, kinaangukia uzi wa jirani. Naanza upya. Kinaangukia tena. Mara moja katika kumi kinakaa mahali pake, na hapo, kwa nukta moja, unasikia wembe unapita kwenye kidevu. Halafu unapotea, unaanza upya. Sijui nilikaa muda gani. Mama watoto aligeuka usingizini, akauliza umeme umerudi? Nikamwambia bado. Akauliza, sasa unafanya nini gizani? Nikatazama simu. Saa nane kasoro ya usiku.

Jumapili mchana nikampigia baba, Morogoro. Nikaiweka simu juu ya mto, nikamwambia baba, sikiliza. Nikapiga, nikakosea, nikapiga tena. Upande wa pili kimya.

"Baba, upo?"

"Nipo. Hicho ni nini, mbu?"

"Ni gita, baba. Nimenunua gita. Nafikiria..."

Mtandao ukaanza kukatakata, mnajua simu za nje zilivyo. Nikamsikia anasema kitu, "Rudi..." halafu mlio. Nikasema, nirudishe? Unasema nirudishe, baba? Kimya. Nikasema tena, kwa sauti, mpaka mtoto wa jirani akachungulia mlangoni: nilirudishe?

"Rudia!" akapaza sauti mzee. "Nasema rudia hapo! Hapo mwisho umeharakisha."

Nikarudia. Kisha yeye, miaka 74, bila kunyoa ndevu, akaanza kuimba gita kwenye simu, na mimi nikawa namfuata, nikichelewa hatua mbili nyuma yake kila mara.

Mtoto wa jirani alikuwa bado mlangoni, lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama boksi. Akauliza, mjomba, hili mnalitumia? Kufika jioni lilikuwa na mlango na dirisha, na ndani yake palikuwa na watu watatu wanaishi, mmoja wao hataki wageni.

Haya wasikilizaji wangu, muda umeniishia, na hadeda amerudi. Tukutane wiki ijayo saa kama hii. Kwaherini.